Mashine Iliyopita Mlangoni

Mtaa mzima ulimwita Upande, na hakuna aliyekumbuka tena kama aliwahi kuwa na jina jingine. Alikuwa seremala wa miaka arobaini na minane, mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya mapumziko, na alitembea kama mtu anayepita penye uchochoro mwembamba: bega la kulia mbele, nyonga imegeuka, mguu wa kushoto unafuata nyuma kana kwamba haukuambiwa wanakwenda wapi. Watu walidhani aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa. Wengine walisema ni maradhi ya utotoni. Yeye aliwaacha waseme wapendavyo, maana ukweli wenyewe ulikuwa wa aibu kuliko paa na maradhi. Upande alikuwa amepindishwa na msumeno.

Si kwamba ulimkata. Vidole vyake vyote kumi alikuwa navyo, na alijivunia hilo. Msumeno wenyewe ulikuwa wa mkanda, yaani ile mashine yenye utepe wa chuma wa meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na jingine chini, na katikati kuna meza unayosukumia ubao. Mafundi waliojaliwa wana mkubwa wa chuma kizito. Wa kwake ulikuwa mdogo, mwekundu, wa bati jembamba, wa bei chee, ambao ukiwashwa ulitetemeka mpaka vikombe kabatini vinagongana. Na ulikuwa na kilema. Ukitaka ukate moja kwa moja, utepe ulikimbilia kulia. Kila siku, kila ubao, kulia. Upande alijifunza kuupiga chenga: alisimama kimshazari, akaingiza bega, akawa anasukuma ubao huku ncha ya nyuma, mkia wa ubao, akiipeleka kushoto, na mstari ukatoka umenyooka. Fanya hivyo saa nane kwa siku, miaka tisa, uone kama hutatembea upande.

Sasa mtu mwenye akili atauliza, kwa nini asiitengeneze? Mashine ilinunuliwa na dada yake. Hilo ndilo jibu, na halina mkia.

Dada huyo alimzidi miaka kumi na mitano. Mama yao alipofariki, Upande akiwa na miaka tisa, ni dada aliyemwogesha, aliyemvalisha sare, aliyemchapa na aliyemlilia. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye stoo ya mashuka ya hospitali, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuona shuka limekunjwa ovyo akala chakula kikashuka. Mume wake alikufa mapema, watoto hawakujaliwa. Kwa hiyo mwezi ule ambao Upande aliachwa na mke, na karakana aliyokuwa akishirikiana na wenzake ikafungwa, dada alimwambia aje akae kwake wiki mbili, apumue.

Wiki mbili hizo zilikuwa zimefika miaka tisa. Alipewa chumba cha uani cha kulala, na kwa kazi akapewa stoo iliyo nyuma ya sebule. Stoo hiyo haikuwa na mlango wake wa nje. Ilikuwa na dirisha moja la nondo lililotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukaukwaruza, na mlango mmoja tu, mwembamba, uliofungukia sebuleni. Kila ubao aliokata Upande uliingia nyumbani kwa kupita mbele ya makochi, na kwa kuwa stoo ilikuwa fupi, mashine iliwekwa kuelekea mlango, ili ubao mrefu unapokatwa ncha yake itokeze sebuleni karibu na runinga. Dada aliketi pale pale akitazama taarifa, na ubao ulipomkaribia alisogeza goti.

Wateja nao walipita sebuleni. Walikalishwa kwanza, wakapewa chai, wakaulizwa kazi zao, hali za wazazi wao na kama wana mpango wa kulipa vizuri, ndipo wakaruhusiwa kumwona fundi. Geti lilifungwa saa kumi na mbili jioni, na ufunguo ukalala kifuani mwa dada. Upande akichelewa dakika kumi alimkuta amesimama nje na tochi, jua bado linawaka.

Siku mashine ilipoletwa, dada alishuka kwenye pikapu akiwa amevaa gauni la sherehe. Akasimama pembeni Upande alipokuwa akifungua boksi, akasimama alipofunga nati ya mwisho, akasimama ubao wa kwanza ulipokwenda kulia kama mlevi anayeitafuta baa. Kisha akauliza kama ni nzuri. Upande alimtazama usoni, akaona jinsi alivyokaa roho juu, akasema, "Ni nzuri sana, dada."

Hapo ndipo alipojifungia. Ukishamwambia mtu aliyekulea kwamba zawadi yake ni nzuri sana, huwezi kurudi mwezi wa tatu ukasema ni mbovu. Na mwaka wa tatu huwezi kabisa, maana itabidi ueleze miaka yote ulikuwa unamdanganya kwa nini. Dada aliishonea mashine shuka lake kwa mabaki ya pazia, la maua ya zambarau, lenye mpira chini, na kila jioni aliingia mwenyewe kuifunika kama anayemfunika mtoto. Wageni aliwaambia, "Hii nilimnunulia mimi." Upande aliitikia kwa kichwa, bega likiwa limeingia.

Mwaka wa tisa akaja Bosi. Bosi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye futi ya chuma mfukoni, mmiliki wa karakana kubwa ya samani katika mji mwingine, safari ya saa nne kwa basi. Alikuwa ameona viti viwili vya Upande mahali fulani, akataka kumwona aliyevikata. Alikalishwa kwenye kochi, akahojiwa kwa muda wa vikombe viwili, na alipofika stooni alikuwa ameshaelewa nyumba nzima. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, na dada aliingia mara na sahani ya karanga, mara kuuliza kama wanahitaji kiti. Bosi hakupandisha sauti. Aliokota kipande cha ubao, akaandika kwa penseli, akamsogezea.

Alikuwa ameandika kwamba anatafuta mkuu wa mashine. Kuna chumba juu ya karakana, chenye mlango wake. Chini yake aliandika mtihani: angemletea mbao tatu nene, mbili za kujaribia na moja ya kweli, na ile ya kweli Upande aipasue kwa unene itoe mbao sita za milimita nane, sawa mwanzo hadi mwisho. Wiki tatu. Akichelewa, nafasi itachukuliwa na mwingine.

Upande alisoma mara mbili. Maneno yaliyomshika hayakuwa mkuu wa mashine. Yalikuwa chenye mlango wake. Bosi alipoondoka alichukua randa akakwangua maandishi yote, halafu akamwambia dada kwamba yule mama anataka rafu na atatuma mbao zake.

Kupasua ubao kwa unene si kazi ya kubabaisha. Kupinda kidogo ambako kwenye mguu wa kiti unakusahihisha kwa msasa, kwenye ubao wa milimita nane kunakutolea unyoya upande mmoja na gogo upande wa pili. Hapo chenga za bega hazitoshi. Mashine ilipaswa kunyooshwa yenyewe, na inyooshwe bila dada kujua kwamba iliwahi kupinda.

Basi seremala mzima, mwenye mvi, akaanza kuishi kama mwizi kwenye stoo yake. Alifunga mlango, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasingizia vumbi. Dada alisema vumbi limekuwepo miaka tisa na halijamuua, akanuna siku mbili. Upande alifungua mifuniko ya mashine akaweka rula ndefu juu ya magurudumu, akaona kile alichokuwa akikihisi kwa nyonga muda wote huo: gurudumu la juu lilikuwa limekaa ndani kuliko la chini, kwa unene wa sarafu. Miaka tisa ya kutembea upande, kwa unene wa sarafu. Alikaa kwenye ndoo akashika tama.

Aliyemsaidia alikuwa fundi chuma wa nyuma ya soko, rafiki yake wa zamani, mtu wa utani asiyejua kunong'ona. Huyo alimchongea washa, zile pete bapa za chuma, za kuliweka gurudumu sawa, akamtafutia springi ngumu ya kuvuta utepe, maana ile ya zamani ilikuwa laini kama ya kitanda cha gesti. Mipira ya magurudumu ilikuwa imekauka ikapasuka. Wakaweka mipya kwa gundi. Vile vijiti vya chuma vilivyokuwa vinashikilia utepe wakavitoa, wakaweka beringi ndogo sita, tatu juu ya meza na tatu chini. Fundi chuma alitaka kujua kwa nini kila kitu kipakwe rangi nyekundu. Alipoambiwa, alicheka mpaka akashika koleo asianguke, kisha akaacha kucheka, akasema mambo ya dada hayana spana.

Vyote viliingia nyumbani ndani ya mfuko wa mkate. Upande alibandua stika ya kampuni akaibandika tena juu ya mfuniko uleule. Akajaza mchanga kwenye miguu ya stendi isitetemeke. Akatengeneza kiegemeo kirefu cha mbao ngumu cha kuongozea ubao, akakipaka mafuta machafu kionekane cha zamani. Siku ya kumi na saba alifunga utepe mpya, akazungusha gurudumu kwa mkono, na utepe ukapita katikati ya beringi bila kugusa huku wala huku. Akawasha. Mashine ilinguruma chini chini, na vikombe kabatini vikanyamaza.

Akachukua ubao wa kwanza wa kujaribia, akausukuma. Ukatoka umepinda.

Alizima, akapima magurudumu. Sawa. Akapima meza na utepe. Sawa. Akasukuma mara ya pili, polepole, na ubao ukaachana na kiegemeo ukaenda kushoto. Kushoto, si kulia. Akabadilisha kasi, akabadilisha mkono. Ubao wa kwanza uliisha ukawa kuni, na nusu ya ubao wa pili ikaufuata, na ndipo alipojitazama miguu. Mguu wa kulia mbele. Nyonga imegeuka. Bega ndani. Mikono yake ilikuwa inaupeleka mkia wa ubao kushoto, taratibu, kwa uaminifu, kumkwepa adui aliyeondoka.

Akajilazimisha kusimama wima, miguu sambamba. Mwili ulikataa. Mgongo uliuma, na alipokaza macho kwenye mstari nyonga iligeuka yenyewe chini yake kama paka anayerudi mahali pake pa kulala. Alijaribu kuubana mguu kwa mfuko wa misumari. Alijaribu kufunga bega kwa kamba ya begi. Vipande vikaendelea kutoka vyembamba huku, vinene kule.

Upande alizima mashine, akaweka mikono mezani, na akalia. Hakulia sana, lakini alilia. Alikuwa ametumia wiki mbili kuunyoosha ukuta wa gereza akidhani anatengeneza mlango. Zilibaki siku nne. Ubao wa kweli ulikuwa umesimama pembeni, safi, hauna kosa, ukimsubiri aje auharibu.

Akaiwasha tena, kwa sababu hakujua la kufanya isipokuwa kusukuma. Alikuwa hajagusa ubao mlango ulipofunguliwa.

Dada alisimama kizingitini, mkono mmoja kifuani. Alikuwa amekaa sebuleni siku zote hizo akisikiliza, maana kwake kelele za mashine ndizo zilizomwambia kwamba mdogo wake yupo. Siku hiyo alisikia sauti ya kukata imekoma, ikawa kimya, halafu swichi ikabonyezwa na kimya kikaendelea. Akaingia akidhani atamkuta chini.

"Imekufa?" akauliza.

"Haijafa, dada. Inafanya kazi."

Alisogea akaiwekea kiganja juu ya mfuniko. Aliacha mkono pale muda mrefu. Kisha akatazama kuni sakafuni, akatazama beringi. Rangi ilikuwa nyekundu lakini haikuwa nyekundu ileile; mtu aliyegawa mashuka meupe miaka thelathini na mmoja anajua rangi moja ina ndugu wangapi. Upande aliona hana pa kukimbilia. Akamwambia. Alianza na Bosi na zile mbao sita, akarudi nyuma kwenye magurudumu, akarudi nyuma zaidi mpaka siku ya boksi na ile "ni nzuri sana" yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unasimama hivyo kwa ajili ya mashine," dada akasema.

"Ndiyo."

"Nami nilikupeleka kwa yule daktari wa mifupa."

"Ndiyo, dada. Mara mbili."

Dada akavuta ndoo akaketi. Upande alisubiri aanze kulia, au aanze kumkumbusha nani alimlea, maana hayo alikuwa ameyajiandalia. Dada alitazama mlango. Aliutazama kama fundi anavyoutazama, juu, chini, upana.

"Dukani zilikuwa mbili," akasema. "Muuzaji aliniambia hii ni ya kuchezea, ya watu wanaojitengenezea fremu za picha. Akanionyesha nyingine, ya fundi. Na pesa ya ile nyingine nilikuwa nayo."

Upande akazima mashine.

"Nilikuwa nimeupima mlango huu kabla sijatoka nyumbani. Ile nyingine haipiti. Ningeinunua, ningelazimika kukutafutia chumba mahali. Ungeondoka." Akafuta goti lake ambalo halikuwa na vumbi. "Nikachukua inayopita."

Kuna hasira ambazo mtu anazijua, za mteja asiyelipa, za mbao mbichi. Hii haikuwa mojawapo. Ilimpanda Upande kutoka miguuni, miguu ileile iliyopinda, na kwa mara ya kwanza maishani alitaka kumpigia kelele mwanamke aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati. Alifungua mdomo. Akaona mikono yake dada, iliyokunjana mapajani kama shuka, na akakumbuka kwamba naye alikuwa amemdanganya kwa muda uleule, siku kwa siku, bila kumwachia hata mwaka mmoja wa nafuu.

"Miaka tisa, dada," akasema.

"Ninajua kuhesabu." Akasimama. "Huo ubao unakatwaje?"

Akamweleza kwa ufupi, kwa sauti ya kununa. Dada alisikiliza, akatoka sebuleni, akasogeza meza ya chai, akasogeza kochi, akasimama nje ya mlango mahali ambapo ncha za mbao zilizoea kutokeza. Akanyoosha mikono miwili mbele. Upande alimjua mkao huo. Utotoni alisimama mbele yake kila Jumapili, kila mmoja kashika pembe mbili za shuka lililofuliwa, dada akivuta upande wake mpaka shuka likanyooka hewani bila mkunjo, na yeye akiyumba kwa uzito wa mvuto ule.

Alichukua ubao wa kweli. Akawasha. Alisukuma kwa bega lake bovu na nyonga yake mbovu, na ncha ya ubao ilipotokea mlangoni dada aliishika. Hakuvuta kwa nguvu. Alinyoosha tu. Kila mkia ulipotaka kwenda kushoto, Upande alihisi kutoka mbele mkono unaoukataza, na ubao ukabaki umelala kwenye kiegemeo kama uliozaliwa nacho. Ubao wa kwanza wa milimita nane ukatoka. Dada aliugeuza, akautazama kwa jicho moja kwa urefu, akaulaza juu ya kochi. Akanyoosha mikono tena. Walikata zote sita, na Upande alipopima hakukuta tofauti ya kumnyima mtu usingizi.

Jioni hiyo dada hakuifunika mashine. Asubuhi ya safari Upande alikuta geti limefunguliwa mapema, na ufunguo umeachwa kwenye kufuli.

Bosi alizipima mbao kwenye meza ya karakana yake, kila moja mahali patano, na uso wake ukafunguka. Karakana ilikuwa na dari ndefu na madirisha mapana, na ngazi ya pembeni ilipanda kwenye mlango wa buluu, uliofungwa, ambao Upande aliutazama mara moja tu akaogopa kuutazama tena. Kisha Bosi akamwongoza kwenye msumeno mkubwa wa mkanda, wa chuma kizito, mrefu kuliko yeye, akampa ubao, akamwambia akate mmoja tu, wautazame.

Upande aliomba mtu wa kupokea mbele. Bosi alisema hapa kila mtu husimama peke yake kwenye mashine yake. Hakusema kwa ubaya. Upande alisimama wima. Alikaza magoti, akabana meno, akasema moyoni kulia, kushoto, sawa. Mstari ulikwenda vizuri kwa urefu wa kiganja. Halafu nyonga ikageuka.

Bosi alikiokota kipande kile, akakiweka pembeni ya zile mbao sita, akatazama vyote, akamtazama miguu. "Hizi alizikata nani?"

Njia nzima ya basi alikuwa amejiandalia majibu mengi, na mengi yalikuwa mazuri. "Mimi na dada yangu," akasema.

"Basi nimwajiri nani kati yenu?"

Mafundi wawili waliokuwa karibu walicheka, na yeye akajitahidi kucheka nao, ikashindikana. Bosi alichukua chaki mfukoni, akachuchumaa, akachora juu ya sementi mbele ya mashine nyayo mbili, sambamba, zimeelekea utepe. Akasema ataiacha nafasi wazi mpaka mwisho wa mwezi ujao, si siku moja zaidi, na siku hiyo atawasha mashine na Upande atasimama ndani ya nyayo zile mpaka ubao uishe. Akisimama, chumba ni chake. Asiposimama, wataagana kwa heri.

Alifika nyumbani mchana. Sebule ilikuwa tofauti. Kochi lilikuwa bado limesogezwa, na begi lake la nguo, ambalo hakuwa amelifunga, lilikuwa limefungwa na kusimamishwa ukutani, mashuka mawili yaliyopigwa pasi yamewekwa juu. Dada alikuwa jikoni. Alipomwona mlangoni alitazama kwanza nyuma yake, kama kuna mtu aliyekuja kumsaidia kubeba, kisha akamtazama usoni, na akaelewa. Uso wake ulifurahi. Ilikuwa nukta moja tu, akaona aibu akaizima, lakini Upande aliiona, na iliuma kuliko kicheko cha wale mafundi.

Hakumsalimu. Alipita makochi akaingia stooni, penye dirisha la nondo na ukuta wa jirani, akaiondolea mashine vumbi la siku mbili kwa kiganja. Alichukua chaki ya kupimia. Akachuchumaa akachora nyayo mbili sakafuni, sambamba, akivikazia visigino mara mbili. Aliokota kipande kilichobaki cha ubao wa kujaribia, akawasha mashine, akaingia ndani ya alama, na mara tu alipoingia mwili mzima ulitaka kutoka. Mgongo ulidai upande wake. Mguu wa kulia uliteleza mbele, akaurudisha. Ukateleza, akaurudisha.

Nyuma ya kelele ndogo ya mashine alisikia meza ya chai ikiburutwa. Dada alikuja akasimama mbele ya mlango ule mwembamba alioupima mwenyewe, akanyoosha mikono miwili, tayari.

"Shusha mikono, dada," Upande akasema. "Hii usiishike."

Dada aliishusha taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama aliyesahau mikono hukaa wapi ikiwa haina kitu. Akaipeleka nyuma ya mgongo. Lakini hakuondoka mlangoni.

"Basi sukuma," akasema. "Ninaangalia miguu."